Mwacheni Amwoshe

Ghala la korosho la kijiji chetu lilikuwa na mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na matundu ya hewa juu karibu na bati. Siku ile matundu yote yalizibwa kwa magunia ili giza liingie, na sisi tukaingizwa ndani baada ya Alasiri, jua likiwa bado kali, tukafungiwa humo na joto letu. Naanza na ghala kwa sababu watu wakisimulia habari ile huanza na mama yangu, na mimi nimechoka kuisikia ikianza na mama yangu.

Kijiji kilikuwa kipya wakati huo. Tulikuwa tumetolewa mashambani, nyuma ya Pande, tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari, ili shule iwe karibu, zahanati iwe karibu, na viongozi watuone vizuri. Baba yangu hakuhama. Alikuwa amefariki muda mfupi kabla, tukamwacha kwenye mikorosho yake. Lori lilipofika, mama alikuwa bado eda. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa mama, aliwasihi waliokuja kutuhamisha wamwache dada yake amalize eda ndani kama inavyompasa mjane, wakamjibu kwamba operesheni haina eda. Basi mama akapandishwa lori mchana kweupe, mbele ya wanaume ambao dini haikuwaruhusu kumwona, amejitanda kaniki mpaka machoni.

Lori lilelile lilibeba mashine ya kusaga ya kijiji, na pamoja nayo fundi wake, mtu wa Newala, Mwislamu, mkimya, ambaye kijiji kizima kilikuja kumwita Bwana Mashine. Hakusema neno na mama. Alilifungua turubai lililofunika mashine, akalifunga kwenye mbao za lori, pembe moja, likawa kama chumba, akamwonyesha mjomba kwa mkono tu. Mama akaketi humo mpaka tulipofika. Mvua ilitukuta njiani ikainyeshea mashine ya watu, na Bwana Mashine aligombezwa na mwenyekiti mbele yetu sote kwa kuacha mali ya umma ilowe.

Wema ule ndio uliozaa maneno. Wengine walisema amemsitiri mjane, Mungu amlipe. Wengine walisema, na hawa ndio waliokuwa na sauti kubwa zaidi, kwani alijuaje kama mle ndani ya kaniki kuna mjane? Ulimi hauna mfupa. Eda ya mama iliisha, bibi mmoja kungwi akamwogesha pamoja na wanawake wengine kama desturi ya kumtoa mjane edani, akavaa kanga zake tena, lakini watu waliiweka ile habari ya turubai mahali pa kuipata haraka.

Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa kisimani na kujitwisha ndoo. Kazi niliyoipenda ilikuwa kwenda na mama mashineni. Foleni ilikuwa ndefu, unga ukiruka hewani, wanawake wote tukitoka tumezeeka nyusi. Bwana Mashine hakuwa mtu wa mazungumzo. Injini ile haikumruhusu mtu kuzungumza. Lakini kila zamu ya mama ilipofika alimwambia neno lilelile, akiwa ameinama juu ya gunia: "Simama upande huu, mama, unga usikuingie nywele." Mama alikuwa amejifunika kanga kichwani, hata unywele mmoja hauonekani. Na bado alihama, akasimama upande ule. Njiani kurudi alikuwa akitembea polepole kuliko uzito wa ndoo ulivyotaka.

Mwaka wa pili kijijini Bwana Mashine alileta posa. Alimtuma mzee wa msikitini kwa mjomba, maana babu alikwisha kufa na mjomba ndiye aliyekuwa walii wa mama, mwenye kauli ya kumwoza. Mjomba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mtu wa haki na wa heshima zake, na alimpenda mama. Alipokea posa vizuri, akasema majibu ni Ijumaa. Mama aliambiwa. Sikuwahi kumwona mama akiimba kabla ya hapo. Aliimba huku akichambua mchele, akanyamaza aliponiona, halafu akaendelea. Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga. Nilijua tumekaribia kuwa na mtu wa kutuwekea turubai siku zote.

Jumatano likaja gari la sinema.

Gari lile tulilizoea. Lilikuwa likituletea picha za kuchimba vyoo, za kupanda kwa mistari, za gwaride na hotuba. Bwana sinema alisimama pembeni na kipaza sauti akitueleza kila kitu kwa Kiswahili, akisoma kwenye karatasi: huyu ni mkulima bora, huyu ni mkulima mvivu, tazameni shamba lake. Tulizoea hivyo. Kwetu sisi sinema ilikuwa picha inayotembea na mtu wa kukwambia nani mwema. Siku hiyo alitakiwa alale Kilwa, hakuweza kungoja giza, ndiyo maana tukafungiwa ghalani. Wanawake kushoto, wanaume kulia, katikati magunia ya korosho yamepangwa kama ukuta wa kiunoni.

Alipofungua sanduku akakuta makopo ya filamu si yake. Alisema yamebadilishwa Mingoyo, kwenye njia panda, gari lake lilipopishana na jingine. Alisitasita. Mwenyekiti akamwambia watu wameacha mashamba, onyesha hichohicho. Bwana sinema akasema kinatoka nchi rafiki, kimekusudiwa watu wa mjini, ni sanaa. Neno hilo lilipokelewa kwa makofi.

Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Nchi ya baridi, nyumba moja, mwanamke mmoja amevaa nguo nyeusi kutoka mwanzo. Ukutani picha ya mwanamume ndani ya fremu, imefungwa utepe mweusi pembeni. Mwanamke anamenya viazi. Mwanamke anatazama dirisha. Anatazama sana, mpaka mtu wa nyuma akauliza kama mashine ya sinema imekwama, watu wakacheka. Akaingia mwanamume wa makamo na kuni mikononi, akaziweka, akakaa. Hawakusemezana. Walipokuja kusema kidogo, walisema lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuijua. Watu wakaanza kumgeukia bwana sinema. "Tueleze basi! Huyo ni nani wake?"

Hakuwa na karatasi ya filamu ile. Angeweza kusema sijui. Neno moja tu, herufi chache, na mama yangu angezeeka na mume. Lakini mtu aliyeshika kipaza sauti hasemi sijui. Aliitazama ile nguo nyeusi, akaitazama fremu ukutani, akasema kwa sauti yake ya vyoo na mashamba: "Wananchi, mama huyu amefiwa na mumewe, yule pale ukutani. Na huyu bwana ni jirani."

"Aa!" wakasema wanawake. "Yuko eda, maskini."

Ndipo ikaja sehemu ile. Yule mwanamume anapasha maji kwenye birika. Anayamimina kwenye jagi, anaongeza ya baridi, anayaonja kwa kifundo cha mkono. Mwanamke anakaa kwenye kigoda, anafungua nywele, anainamisha kichwa juu ya beseni. Na mwanamume anamwosha nywele. Hakuna kingine. Anamimina, anasugua kwa vidole, anakinga maji yasimwingie masikioni, anamimina tena. Mwanamke amefumba macho. Ilichukua muda mrefu, na hapakuwa na muziki, maji tu. Halafu anamfunga taulo, anamkausha, anachana, anachana, na mwanamke analia bila kutoa sauti, na mwanamume anaendelea kuchana kama hajaona.

Mimi nilikuwa mbele na watoto wenzangu, nikajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, nikatazama miguu yangu. Halafu upande wa wanaume mtu akapiga mbinja. Mwingine akasema, "Astaghfirullah! Mwanamume anamtoa mwanamke eda?" Maana kwetu mjane huogeshwa na wanawake wenzake eda ikiisha, na hilo kijiji kizima kiliona pale kwenye kitambaa: mwanamume ajnabi, si mumewe wala nduguye, jirani tu, amejitwalia kazi ya kungwi, na mume wa watu anatazama kutoka ukutani. Yule bibi kungwi, aliyemwogesha mama, akasimama: "Kazi hiyo ni yetu! Amwache! Atoke!" Vijana wakacheka. Mwanamke mmoja upande wetu akasema kwamba mume wake yeye hajawahi hata kumchotea maji, acha kumwosha, na wanawake wakaangua kicheko, na mume wake akamjibu kutoka ng'ambo ya magunia. Mwenyekiti akapiga kelele izimwe. Mwalimu mkuu akasema isizimwe, hii ni sanaa. Mwalimu wa madrasa, ambaye sote tulitarajia angetoka, alikaa palepale, akasema kwa upole kwamba kama ni mumewe hakuna neno, ni thawabu, na watu wakamkumbusha kwa hasira: "Si mumewe, ni jirani! Tumeambiwa!"

Katikati ya kelele hizo ikasikika sauti ya mwanamke. Haikuwa kubwa. Ilitokea wakati mbaya, pale kelele zinapopumua.

"Mwacheni amwoshe."

Ilikuwa sauti ya mama. Nilijua mimi, na wote walijua. Nilisikia vichwa vikigeuka gizani, kama mtu anavyosikia magunia yakisogezwa. Na upande wa wanaume, kwa bahati mbaya ambayo sijaisamehe mpaka leo, Bwana Mashine alikuwa amesimama karibu na mlango, na mtu akaufungua mlango wakati ule ili atoke kwa hasira zake. Mwanga wa jua ukamwangukia yeye. Watu wakamwona yeye, wakamkumbuka mama, wakalikumbuka turubai.

Nje, kwenye mizani ya korosho, watu walisimama wakabishana mpaka adhana ya Magharibi. Mwanzoni walibishana kweli kuhusu filamu: kama wale watu wana dini, kama yule mwanamke alilia kwa aibu au kwa raha, kama mwanamume wa haki anaweza kushika kitana. Ningependa kusema walikuwa wapumbavu, ingenipunguzia uchungu, lakini walisema mengine ya maana. Bibi mmoja mkongwe alisema hajaona mtu akishikwa kichwa kwa huruma vile tangu mama yake alipokufa. Alisema hivyo akifuta macho, na hakuna aliyemcheka. Lakini polepole yule mwanamke wa filamu akaanza kuvaa kanga za mama yangu. "Mjane," wakasema, na hawakuwa wakizungumza juu ya yule wa nchi ya baridi. "Jirani," wakasema, wakatazama upande wa mashine.

Kesho yake njia nzima ya kisimani ilikuwa na wimbo mmoja. Msichana akijimwagia maji kwa bahati mbaya, wenzake husema: "Mwacheni amwoshe!" Foleni ya mashineni, mwanamke akikung'uta unga kichwani: "Mwacheni amwoshe!" Walisema kwa kicheko, na kicheko hakina wa kukijibu. Mama alirudi na gunia lake halijasagwa.

Ijumaa, baada ya swala, mjomba alikuja kwetu. Alikaa kwenye kizingiti, hakutaka mkeka. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikasikia kila kitu.

"Dada," alisema, "mimi sina neno na yule bwana. Ni mtu mzuri. Juzi Jumatano asubuhi nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo moyoni."

"Basi sema, kaka."

"Siwezi. Watu wanasema alikuona eda. Wanasema mlianza wakati ule, lorini, maji ya kaburi la shemeji hayajakauka. Nikikuoza kwake leo, nitakuwa nimetia muhuri waliyoyasema. Mwanao huyu nani atamwoa?"

"Kaka, hakuna kilichokuwa. Unajua hakuna kilichokuwa."

"Najua," mjomba alisema, akaanza kulia, mtu mzima, mjumbe wa nyumba kumi. "Ndiyo maana siwezi. Kama kingekuwepo, ningewaozesha leo jioni niifunike aibu."

Nimeishi na sentensi ile maisha yangu yote na bado siipati njia ya kuipita. Wenye hatia wangeozwa. Wasio na hatia walitenganishwa ili ijulikane kwamba hawana hatia.

Posa ikarudishwa kwa mzee yuleyule wa msikitini. Bwana Mashine hakubisha. Angebishaje, mgeni, mtu wa Newala? Alibaki kijijini kwa sababu mashine ilibaki. Baada ya muda alioa mwanamke wa Mingoyo. Na mama yangu alitoa kinu na mchi nje, akaanza kutwanga. Kijiji chote kilisaga mashineni, ndiyo maendeleo tuliyohamishiwa, ila mama alitwanga. Kila alasiri injini ikilia upande ule, na mchi wake upande huu, po, po, po. Wengine walisema anaringa. Wengine walisema anatubu. Alitwanga mpaka injini ilipokufa kwa kukosa vipuri, naye akaendelea kutwanga.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimsimulia mkufunzi mmoja ile filamu, yeye akiwa amesoma ng'ambo. Nilimweleza viazi, dirisha, fremu, birika. Aliitambua. Aliniambia ni filamu inayosifiwa na wajuzi, kwamba wale wawili walikuwa mke na mume, na yule wa kwenye fremu alikuwa mtoto wao, aliyekufa vitani. Mke amekaa na huzuni mpaka hajioshi, na mume hana maneno, kwa hiyo anamwosha nywele. Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka mkufunzi akanisukumia kiti. Mke na mume! Hata mwalimu wa madrasa aliwaambia.

Likizo nilimpelekea mama habari hiyo nikiwa na pumzi juu, kama mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa kinuni.

"Mama, walikuwa mke na mume. Yule wa ukutani alikuwa mtoto wao."

Hakusimamisha mchi. "Nilijua kama ni mumewe," akasema.

"Ulijuaje, nao walisema jirani?"

"Aliyaonja maji mwenyewe, hakumwuliza yakoje. Mtu asiyekujua hukuuliza." Akachota unga, akaupepeta. "Na wewe usiende kuwaambia watu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Sikuwaambia. Ningemwambia nani? Bwana sinema hakurudi tena kwetu, wala hakuwahi kujua kwamba alikuwa amesema kitu.

Mama alifariki mwaka wa jana kabla ya mvua za vuli, baada ya kuugua muda mrefu. Tulimwosha mimi na shangazi na wanawake wawili wa jirani, ndani, shuka zimetandwa. Nilipasha maji mwenyewe, nikaongeza ya baridi, nikayaonja kwa kifundo cha mkono bila kufikiri, halafu nikafikiri, na shangazi akalazimika kunishikia kata. Nywele tulizisuka mafungu matatu tukazilaza nyuma, kama sheria inavyotaka kwa mwanamke.

Bwana Mashine alikuja mazikoni na bakora yake, mkewe naye alikwisha kufa. Alikaa na wanaume nje. Nilisimuliwa kwamba walipouteremsha mwili kaburini waliingia maharimu zake, ndugu wa damu, watoto wa mjomba, na yeye alisimama safu ya nyuma, mahali pa watu baki. Ndipo nilipoelewa ukubwa wa kile kilichorudishwa ile Ijumaa. Mume angeruhusiwa kumfunua uso. Mume angeruhusiwa hata kumwosha.

Watu walipotawanyika aliniita pembeni ya ua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana." Alitazama chini, bakora ikichora mchanga. "Ni wewe uliyemwosha?"

"Mimi na shangazi."

"Na nywele?"

"Tuliziosha vizuri, baba. Tukazisuka."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka, akarudi. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, na alikuwa na haya kama mtu aliyeleta posa.

"Zilikuwa nyingi?" akauliza.

Ugonjwa ulikuwa umezimaliza. Nilikuwa nimesuka vipande vyembamba kama uzi, navyo vikinikatikia mkononi.

"Nyingi, baba," nikamwambia. "Zilikuwa nyingi sana."